Kinga mbele ya taa za kamio: namna wanapiga picha sayari za nyota zingine

Najua niliahidi kuandika juu ya pompi za kutoa maji ndani ya kariere, na nitaandika, msiwe na shaka. Lakini mwezi huu kuko kitu kingine kimenishika kichwa, na nisipokiandika hakitatoka.

Mwezi wa sita umeme ulikatika mu kartie yetu siku tatu. Ilikuwa wiki yangu ya mapumziko, sikuwa na posta ya usiku. Tukakaa nje na mbabula katikati, mahindi juu yake. Mtoto wa marehemu kaka yangu, msichana wa miaka 11, alikuwa ameinua kichwa anaangalia juu. Upande wa kusini kulikuwa giza safi. Upande wa mashariki, wapi! Mwangaza wa kariere ulikuwa umepaka mbingu rangi ya maziwa, maana kule umeme hauendi likizo.

Akaniuliza: "Baba mudogo, ku masomo walisema kila nyota ni jua. Sasa jua letu liko na sayari. Zile nazo ziko nazo?"

Nikamwambia ndiyo, tena mingi. Tangu mwaka 1995, wakati Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walipotangaza sayari ya kwanza kuzunguka nyota inayofanana na jua letu, hesabu imepita 6,000.

"Basi juu ya nini hatuzione?"

Nilitaka kujibu "juu ziko mbali". Ni jibu la haraka, na wengi wetu tungelitoa, lakini si lenyewe. Ukichukua Mshtarii, ile sayari kubwa tunayoita Jupiter, ukaiweka kwenye nyota jirani kabisa na sisi, darubini kubwa za leo zina nguvu ya kuona nukta hafifu kama ile. Zimeshaona hafifu kuliko ile mara nyingi. Shida haiko umbali peke yake. Shida ni jirani yake.

Nilikuwa bado natafuta mfano, yeye akautoa mwenyewe. Alisema polepole: "Sawa vile papa na kamio."

Tukanyamaza. Wanaonijua wanajua. Kaka yangu alikuwa anabeba makala kwa kinga, anatoka kijijini usiku ili asubuhi awe tayari sokoni. Kwenye balabala kamio moja ilikuwa inakuja na taa kali, na shofere wa gari lililokuwa nyuma ya kaka alisema aliona taa zile tu. Miaka yote nilijiambia kaka alikufa juu ya giza. Hapana. Kwenye giza lenyewe, na mwezi kidogo, mtu na magunia matatu ya makala anaonekana. Kilichomficha ni mwangaza.

Bon. Sikupenda kutumia mfano huo, lakini mtoto ndiye aliyeuleta, na ni sahihi kuliko ule wa kitabu, wa mdudu kando ya mnara wa bahari ambao sisi wa Kolwezi hatujauona hata siku moja. Kwa hiyo naendelea nao.

Nyota ndiyo kamio, sayari ndiyo kinga. Jua letu linang'aa karibu mara bilioni 1 kuliko Mshtarii, na mara bilioni 10 kuliko Dunia, kama ungetuangalia kutoka mbali kwa nuru ya kawaida. Na tena ziko karibu karibu. Kama kuna mtu anatuangalia kutoka umbali wa miaka-nuru 33 hivi, kwake Dunia na Jua vimeachana kwa pembe moja ndogo sana: sehemu 1 ya 10 ya sekunde ya digrii. Niliipigia hesabu kwa nchi yetu. Kolwezi mpaka Lubumbashi kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 240. Pembe ile ni sawa na wewe kukaa hapa Kolwezi ukitaka kutenganisha vitu viwili vilivyoachana sentimita 12 kule Lubumbashi. Kimoja ni projekta ya kariere, kingine ni kimulimuli.

Ndiyo maana zile 6,000 karibu zote hazikuonekana. Zilijulikana kwa njia ya pembeni: nyota inayumbishwa kidogo na sayari yake, au nyota inafifia kidogo sayari ikipita mbele. Ni kama kujua mtu yuko nyumbani juu moshi unatoka jikoni. Zile zilizopigwa picha zenyewe, nuru yake ikaingia kwenye darubini peke yake, ni chache sana. Kati ya 6,000 ni makumi tu. Lakini mimi hizo chache ndizo zinanipendeza, juu ukishashika nuru ya sayari yenyewe unaweza kuipasua rangi kwa rangi na kujua hewa yake ina nini.

Sasa wanafanyaje?

Hatua ya kwanza ni ile ambayo shofere yeyote anafanya bila kufundishwa: anainua mkono kufunika taa ya mbele yake. Mfaransa Bernard Lyot aliifanya kwa darubini miaka ya 1930, kule Pic du Midi, ili aone taji ya moto inayozunguka Jua bila kungoja kupatwa. Aliweka kidude cha kufunika jua ndani ya darubini. Kile chombo kinaitwa koronografu, na mpaka leo jina limebaki, hata kama kinachofunikwa sasa ni nyota.

Lakini mkono peke yake hautoshi. Angalieni juu ya mbabula ikishika moto vizuri: ukuta ulio nyuma unacheza. Hewa ya dunia yote inafanya hivyo kwa nyota, ndiyo kumetameta kwenyewe. Nuru ya nyota inatawanyika pembeni ya kidole chako na kumwagika mahali sayari iko. Dawa yake ni kioo chembamba chenye mikono midogo mingi nyuma yake, inayokisukuma na kukivuta ili kiharibike kwa namna iliyo kinyume na hewa ilivyoharibu. Chombo kinachoitwa SPHERE, kule Chile, kinafanya kazi tangu 2014, kioo chake kina mikono zaidi ya 1,000 na kinajirekebisha zaidi ya mara 1,000 kila sekunde. Sisi wa elektromekaniki tunaolalamika na vali moja inayochelewa, tunyamaze.

Halafu hatua ya tatu, na hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote juu haihitaji chuma hata kimoja. Hata baada ya kufunika na kunyoosha, kwenye picha kunabaki madoa madoa ya nuru, na kila doa linafanana na sayari. Utajuaje lipi ni lipi? Kumbukeni vumbi la njia ya Likasi kwenye kioo cha mbele cha gari. Doa la vumbi na mtu wa mbali vinaweza kufanana. Lakini gari likikata kona, doa linabaki palepale kwenye kioo na mtu wa nje anahama. Basi, wanaacha mbingu izunguke usiku mzima huku darubini imekaa vile vile. Madoa yanayotoka ndani ya darubini yanakaa fasi yake, sayari inazunguka pamoja na mbingu. Unapiga picha mingi, unatoa kilichobaki palepale, unageuza zilizobaki zikae sawa, unazijumlisha. Kilichohama ndicho cha kweli. Christian Marois wa Canada na wenzake walitumia njia hiyo, wakatangaza mwaka 2008 picha ya sayari tatu kwa mpigo kuzunguka nyota inayoitwa HR 8799, miaka-nuru 133 kutoka hapa. Mwaka 2010 wakaongeza ya nne. Ukiweka picha za miaka mingi moja baada ya nyingine, unaona nukta nne zinatembea kweli, kila moja kwenye njia yake. Nimeitazama kwenye telefone mara sijui ngapi.

Kuko na kitu cha kusema hapa, nisije nikawadanganya. Zote hizo ni sayari kubwa kuliko Mshtarii, na bado changa. Sayari ikizaliwa inakuwa ya moto, kama kaa lililotoka sasa hivi ndani ya mbabula, na inapoa polepole kwa mamilioni ya miaka. Beta Pictoris, nyota ambayo hapa kwetu inaonekana kwa macho miezi ya Desemba na Januari, ina umri wa miaka milioni 20 hivi tu. Jua letu lina bilioni 4.6. Kikundi cha Anne-Marie Lagrange kilipiga picha sayari yake kwa sababu bado inawaka kwa joto la kuzaliwa. Na walipopasua nuru yake mwaka 2014 wengine waligundua inajizungusha haraka mno, siku yake ni saa 8 hivi. Shifti moja ya kazi, siku imeisha!

Kwa hiyo wanatafuta nuru ya joto, ile ya infraruji ambayo jicho halioni. Kwenye nuru hiyo nyota inakuwa dhaifu kidogo na sayari inapata nguvu. Hata Dunia yetu, ambayo kwa nuru ya kawaida imezidiwa mara bilioni 10, kwa nuru hiyo ya joto inazidiwa mara milioni 10 hivi. Bado ni nyingi, lakini mnaona tofauti.

Sasa ngojeni niseme kuhusu makosa, maana hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Mwaka huohuo wa 2008 picha nyingine ilizunguka dunia nzima: sayari ya nyota Fomalhaut, iliyopigwa na darubini ya Hubble. Nukta ilihama kati ya picha na picha, kila mtu akapiga makofi. Mimi mwenyewe niliifundisha kwa wanafunzi kama kitu kilichokwisha. Lakini nukta ile ilikuwa na tabia mbaya: haikutoa joto kama sayari, na miaka ilivyokwenda ikawa inatanuka na kufifia. Mwaka 2020 András Gáspár na George Rieke walionyesha kwamba inafanana zaidi na wingu la vumbi, la vitu viwili vilivyogongana. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyeitwa mwongo. Walirudi kuangalia, nukta ikajisema yenyewe. Wanafunzi wangu wa wakati ule, kama mko kwenye ukurasa huu, mjue nimefuta.

Na hapa tunafika kwenye nyota ambayo yule mtoto alikuwa anaiangalia kweli, upande wa kusini penye giza. Mjue namna ya kuipata. Katikati ya mwezi wa sita, saa mbili ya usiku, ukitazama kusini unaona Msalaba wa Kusini umesimama karibu wima, ule tulioita Croix du Sud. (Wazee wa Basanga waliyeyusha shaba na kuimimina kwa umbo la msalaba, ikawa feza ya biashara, lakini ile haina uhusiano, nakumbuka tu.) Kushoto kwa Msalaba kuko nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri. Jicho linaona moja, kumbe ni mbili zinazofanana na Jua, zinazungukana, pamoja na ya tatu ndogo isiyoonekana kwa macho. Miaka-nuru 4 na kidogo. Hakuna jua lingine la namna yetu lililo karibu kuliko hapo. Watu wa Paris na wa New York hawaioni, iko chini ya upeo wao. Sisi tunayo kila kiangazi.

Mwaka 2019, kwa karibu saa 100, darubini kubwa ya Chile iliielekea nyota hiyo kwa jaribio lililoitwa NEAR. Koronografu yake ilikuwa kipande cha almasi ya kutengenezwa, chenye mifereji midogo ya duara, wazo lililotoka Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Wakapata alama moja ya mashaka.

Mwezi wa nane 2024 ikaja zamu ya darubini ya James Webb, ile iliyorushwa 25 Desemba 2021, yenye kioo cha mita 6.5. Na koronografu yake ya nuru ya joto haifuniki nyota kwa kidole. Ni wazo la Daniel Rouan wa Observatoire de Paris, la mwaka 2000: kipande kimegawanywa robo nne, na robo mbili za kona zimechongwa zichelewishe nuru kwa nusu wimbi. Nyota inawekwa katikati kabisa, nuru yake inagawanyika kwenye robo zote, nusu inapanda wakati nusu inashuka, zinafutana kama mawimbi mawili ya maji yaliyokutana vibaya. Sayari haiko katikati, nuru yake inapita kwenye robo moja tu, haina wa kuifuta. Inapita.

Kipande hicho kimetengenezwa kwa nini? Jermaniumu. Nuru ya joto inapita ndani yake kama nuru ya kawaida inavyopita kwenye kioo cha dirisha.

Hapa nikasimama. Jermaniumu, bandugu! Kipushi ni jina linalojulikana na kila mwanafunzi wa madini duniani kwa sababu ya kitu hicho. Jiwe la renierite, lenye jermaniumu, lilielezwa mara ya kwanza kutoka mgodi ule. Na ule mlima mweusi wa Lubumbashi, Big Hill, takataka za tanuru la shaba ambazo tulipiga nazo picha siku ya kupata diploma, ndani yake kuna jermaniumu. Oktoba 2024 kampuni ya STL ya Gécamines ilipeleka mzigo wake wa kwanza wa unga wa jermaniumu kwa Umicore, Ubelgiji. Na Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Sisemi jermaniumu ya Webb ilitoka kwetu. Nasema tu kwamba kitu kinachofuta nyota ili sayari ionekane, mtoto wa Katanga anakikanyaga na hakuna mwalimu aliyemwambia. Mimi nilikuwa mwalimu huyo.

Nilipolisema jambo hili kwenye grupu, yaya mmoja alinijibu: "Maji hayatoke kwa robine, wewe unatuletea sayari." Namheshimu, na maji kweli hayatoki. Lakini nani alisema atakayetengeneza maji atapatikana kati ya watoto tuliowaambia wasiulize? Tena kujua jermaniumu inafanya kazi gani ndipo unajua uiuze bei gani. Tunapeleka unga, tunapokea hadithi ya darubini kwenye telefone. Hilo linaniuma kuliko robine, na mtanisamehe.

Matokeo ya Webb: nukta moja, hafifu zaidi ya mara 10,000 kuliko nyota yake, mbali nayo karibu mara mbili ya umbali wa Dunia na Jua. Kama ni sayari, ina uzito kama wa Zohali, ile Saturne. Haina pa kukanyaga. Wakarudi kuangalia Februari 2025 na Aprili 2025, hawakuona kitu. Wakapiga hesabu ya njia nyingi ambazo sayari ya namna hiyo ingeweza kupita, wakakuta karibu nusu ya njia hizo zingeileta karibu mno na nyota miezi ile, imefichwa na mwangaza. Agosti 2025 wakatangaza yote, walichoona na wasichoona, na jina wakaiita mtahiniwa, si sayari. Baada ya Fomalhaut wamejifunza.

Kwa nyota nyingine ya jirani, Epsilon Indi, miaka-nuru 12, kipande kilekile cha jermaniumu kilikuwa na bahati zaidi. Elisabeth Matthews na wenzake walitangaza 2024 picha ya sayari nzito kama mara 6 ya Mshtarii, tena si changa. Imekwisha kupoa, joto lake ni nyuzi 2 hivi. Baridi kama asubuhi ya mwezi wa sita kwenye uwanda wa Biano. Ni moja ya sayari za baridi kabisa zilizowahi kupigwa picha, na inaonyesha kwamba hatutafuti tena makaa mekundu peke yake.

Dunia nyingine kama hii yetu bado haijapigwa picha. Marekani wanatayarisha darubini ya Roman yenye koronografu ya kujaribu mbinu mpya, na Ulaya wanajenga kule Chile kioo cha mita 39.

Yote haya nilimweleza mtoto kwa siku tatu, kidogo kidogo, kati ya mahindi na kuosha vyombo. Siku ya pili aliniuliza kama shofere yule angefunika taa kwa mkono angemwona papa. Nilimwambia pengine. Nilimwambia pia kwamba kinga ya papa haikuwa na kitu chochote cha kurudisha mwangaza nyuma, hata kipande cha karatasi ya aluminiumu. Kamati, ule mchango wa bande za kung'aa kwa watu wa makala tuliozungumza mwaka jana, mimi natoa sehemu yangu wiki hii, mhazini anipigie.

Siku ya tatu umeme ulirudi saa tatu na nusu ya usiku. Kartie yote ikapiga kelele ya furaha. Jirani alikuwa ameacha ampuli yake ya nje wazi, ikatupiga usoni, na nyota ndogo ya Msalaba, ile ya tano, ikapotea. Mtoto hakuingia ndani. Aliinua kiganja akafunika ampuli, akafunga jicho moja, na akaendelea kuangalia.